Mfereji Ukikauka, Pato la Taifa Halina Habari

Septemba 2014, Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) lilihamisha mwaka wa msingi wa hesabu zake, yaani mwaka ambao bei na sura ya uchumi wake hutumika kupimia miaka mingine, kutoka 2001 hadi 2009, na pato la taifa la mwaka uliotangulia likaongezeka kwa takriban asilimia 25. Kenya ikavuka mstari wa nchi za kipato cha kati, ngazi ya chini. Hata deni la serikali lilionekana jepesi zaidi: ukidaiwa shilingi 50 kwa kila 100 za pato, kisha pato likihesabiwa upya kuwa 125, deni limekuwa asilimia 40 bila senti kulipwa. Mathare na Mukuru kwa Njenga, mitaa ya mabanda jijini Nairobi, mtungi wa maji wa lita 20 ulibaki na bei yake ileile.

Marekebisho yale yalikuwa ya lazima, kwani uchumi hubadilika na vipimo vikongwe hudanganya. Lakini yalionyesha tatizo ambalo Simon Kuznets, mchumi aliyeandaa hesabu za mapato ya Marekani, alilionya bunge la nchi hiyo mwaka 1934: hali njema ya taifa ni vigumu kuisoma katika kipimo cha mapato yake.

Wanaotetea pato la taifa wana hoja nzito, na si haki kuzipuuza. Takwimu za pato hutolewa kila robo mwaka. Hufuata kanuni zinazotumika duniani kote, hivyo mtaalamu wa Kampala au Jakarta anaweza kukagua jinsi ulivyofikia jumla yako. Serikali hukisia ushuru kwa kulitazama, na tangu 2023 ukomo wa deni la Kenya umefungwa kwenye asilimia 55 ya pato hilo. Tena nchi zenye pato kubwa kwa kila mtu kwa kawaida huzika watoto wachache na wazee wao huishi miaka mingi. Anayetaka kulitupa aseme kwanza atakisia vipi ushuru wa mwaka ujao.

Udhaifu wake unaonekana jikoni. Mfereji wa ploti ukikauka, mama wa nyumba hununua maji kwa mwenye mkokoteni. Mauzo hayo ni pato. Kwa kuwa pesa za familia ni zilezile, pengine atapunguza nyama, na jumla isisogee hata kidogo. Hapo ndipo penye uchungu: familia imeshuka maisha na kitabu cha taifa kimebaki palepale. Kanuni za hesabu za taifa zinaruhusu hata kazi ya kujichotea maji ihesabiwe, lakini kupika, kufua na kulea watoto wako zimeachwa nje. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa na KNBS mwaka 2021 ulionyesha kuwa wanawake hutumia takriban mara tano ya muda wa wanaume katika kazi hizo zisizolipwa. Anayemwajiri yaya anaongeza pato la taifa. Anayelea mwenyewe haongezi kitu.

Basi tupime nini? Jibu maarufu zaidi ni Fahirisi ya Maendeleo ya Binadamu, iliyoanzishwa na Mahbub ul Haq katika Umoja wa Mataifa mwaka 1990, Amartya Sen akiwa mshauri wake. Huunganisha umri wa kuishi, elimu na mapato. Chukua nchi ya mfano: umri wa kuishi miaka 63, mtoto anatarajiwa kusoma miaka 11.5, mtu mzima wa kawaida amesoma 7.5, na mapato ni dola 5,000 kwa mtu. Umri hupimwa kati ya 20 na 85, kwa hiyo 43 gawanya kwa 65 ni 0.66. Elimu ni wastani wa 11.5 gawanya kwa 18 na 7.5 gawanya kwa 15, yaani 0.57. Mapato hupimwa kwa logi (hesabu inayoipa kila dola ya ziada uzito mdogo kuliko ya kabla yake) kati ya dola 100 na 75,000, yanatoa 0.59. Zidisha zote tatu, tafuta kipeuo cha tatu cha jibu, unapata takriban 0.61.

Sasa ongeza mapato maradufu, yawe dola 10,000. Alama inafika 0.64. Ungetaka kufika hapo kwa kurefusha maisha pekee, ungehitaji miaka saba na nusu zaidi kwa kila raia. Maana yake, ndani ya fomula hii mna bei ya uhai ambayo hakuna aliyeipigia kura. Mchumi Martin Ravallion aliikosoa kwa sababu hiyo, na naona alikuwa sahihi. Kuchanganya vitu vitatu katika namba moja kunaficha mabadilishano ambayo wananchi wangepaswa kuyajadili waziwazi.

Kipimo cha umaskini wa nyanja nyingi, kilichoanza kutumika 2010, ni afadhali kwa sababu kinatazama kaya moja moja: lishe, vifo vya watoto, shule, kuni au gesi, choo, maji, stima, nyumba, mali. Kila kigezo kina uzito wake, na kaya ikikosa vigezo vyenye theluthi moja ya uzito wote, ni maskini. Lakini kilete Nairobi uone kinavyoteleza. Maji yanahesabiwa yapo iwapo chanzo ni salama na safari ya kwenda na kurudi haizidi dakika 30. Hakiulizi mfereji unatoa maji siku ngapi kwa wiki, wala mtungi ni bei gani. Choo cha pamoja kinahesabiwa ni upungufu, kiwe kisafi namna gani. Stima ya sambaza, ile ya waya uliovutwa kinyemela juu ya mabati na inayoweza kuunguza mtaa mzima, inahesabiwa ni stima.

Umaskini wa pesa nao una mtego wake. Katika utafiti wa bajeti za kaya wa 2015/16, mstari wa umaskini mijini ulikuwa shilingi 5,995 kwa mwezi kwa mtu mzima mmoja. Mtoto chini ya miaka mitano huhesabiwa 0.24 ya mtu mzima, wa miaka 5 hadi 14 huhesabiwa 0.65. Baba, mama, mtoto wa miaka minane na wa miaka mitatu ni watu wazima 2.89, na mstari wao ni shilingi 17,326. Kaya inayotumia 17,400 si maskini kitakwimu. Hivyo ndivyo Nairobi ilivyopata kiwango cha umaskini cha asilimia 16.7 tu, chini ya nusu ya kile cha taifa cha 36.1.

Kuhusu furaha nitasema machache. Swali linalotumika zaidi humtaka mtu ajipange kwenye ngazi ya 0 hadi 10, na kwa kawaida huulizwa watu kama 1,000 kwa nchi kila mwaka. Kwa sensa ya 2019, Nairobi ni watu milioni 4.4 kati ya milioni 47.6, kwa hiyo sehemu yake ni wahojiwa kama 90. Wastani wao unaweza kukosea kwa nusu kidato huku au kule. Isitoshe, aliyezoea dhiki hujipa alama ya juu kuliko hali yake, jambo ambalo Sen amelieleza kwa miaka mingi.

Kwa maoni yangu tubaki na pato la taifa kwa kazi yake, na kando yake tuweke orodha fupi ya vipimo visivyounganishwa: siku za maji kwa wiki, bei ya mtungi, dakika za kufika kazini, saa za kukatika stima, vumbi laini hewani. Wengi watataka takwimu za kila wadi. Nairobi ina wadi 85. Kwa kaya 400 kila moja ni kaya 34,000, zaidi ya kaya 24,000 zilizolengwa nchi nzima mwaka 2015/16. Kwa maeneobunge 17 ni kaya 6,800, kazi inayowezekana. Kaya 400 hutoa kosa la asilimia tano hivi huku au kule, na kwa kuwa huchaguliwa kwa vikundi vya kaya jirani, ambazo hufanana, tuseme sita au saba.

Kosa kubwa zaidi huwa mtaani. Ramani za kuchagulia kaya hutokana na sensa, ilhali nyumba nyingi za kando ya mito zilibomolewa baada ya mafuriko ya 2024. Mhoji akipita saa nne asubuhi anawakosa walio kibaruani, kisha kwa kuchoka anamhoji jirani. Ratiba iwe ya jioni na Jumapili, na kaya irudiwe mara tatu kabla ya kuachwa.

Kuna hofu nyingine ya kweli: kipimo kikifungwa kwenye pesa, hupindwa. Fomula ya kugawia kaunti mapato iliyopitishwa 2020 baada ya Seneti kuvutana kwa wiki kadhaa iliupa umaskini uzito wa asilimia 14, kwa hiyo kaunti ina sababu ya kutaka kuonekana maskini. Ndiyo maana maswali haya yanapaswa kuulizwa na KNBS, si na kaunti yenyewe, na yaulize jambo linaloweza kukaguliwa. “Je, mnapata maji?” ni swali bovu. “Katika siku saba zilizopita, maji yalitoka mferejini siku zipi, na mlinunua mitungi mingapi kwa shilingi ngapi?” linaweza kulinganishwa na ratiba ya mgao ya kampuni ya maji.