Dar–Kigoma kwa ndege: Tabora haiongezi umbali, inaongeza muda

Kwa mstari ulionyooka angani, Dar es Salaam hadi Kigoma ni takriban kilomita 1,077. Dar hadi Tabora ni 732, na Tabora hadi Kigoma ni 351. Ukijumlisha vipande hivyo viwili unapata 1,083, maana Tabora iko karibu kabisa na mstari huo. Kilomita sita tu ndizo zinazoongezeka, ndiyo maana wengi hudhani kutua Tabora hakumgharimu kitu abiria wa Kigoma.

Kunamgharimu, na gharama yenyewe ni muda. Chukua Dash 8 Q400, ndege ya pangaboi yenye viti 76 inayotumiwa na Air Tanzania, ikienda kilomita 650 kwa saa. Kilomita 1,077 ni dakika 100 hivi. Ongeza dakika 15 hadi 20 za kutembea uwanjani, kupaa na kushuka, unafika saa mbili. Kila kutua kunadai tena dakika hizo 15 hadi 20, kisha kuna nusu saa ya kushusha na kupakia. Safari inafika saa mbili na dakika 45. Upepo nao una lake: ukivuma kilomita 40 kwa saa, tofauti kati ya kusukumwa na kukabiliwa nao ni dakika 12 kwa safari nzima.

Kuna madhara mengine yasiyoonekana kwenye ratiba. Tabora iko mita 1,180 hivi juu ya usawa wa bahari. Jua la mchana wa Oktoba huifanya hewa kuwa nyepesi zaidi, injini na mabawa hupoteza nguvu, na hesabu ya uzito hulazimika kufanywa upya kabla ya kupaa. Mvua za radi zikiizuia ndege Tabora, anayengoja Kigoma anachelewa hata kama kwake mbingu ni safi.

Lakini wanaotetea kituo hicho wana hoja nzito. Abiria wa Kigoma pekee wasipotosha kujaza viti 76, ruti ya moja kwa moja hupunguzwa siku. Kiti kinachoachwa wazi Tabora huuzwa tena kwa anayekwenda Kigoma, na miji yote miwili inabaki na ndege. Kwa mgonjwa anayewahi rufaa Dar, ndege nne kwa wiki zinazotua njiani zina faida kuliko mbili zisizotua.

Kwa maoni yangu, kituo kibaki siku zenye abiria wachache, na siku zenye abiria wengi ndege iende moja kwa moja. Anayeunganisha safari Dar asihesabu kilomita. Aangalie kwenye tiketi saa ya kuondoka na ya kufika, aulize kama ndege inatua Tabora, kisha aache angalau saa tatu kabla ya ndege ya pili, hasa kati ya Novemba na Aprili.