Makalio Yana Ushuru Trieste

Mwenzenu nipo Trieste, huku Italia, nimekuja kumtembelea mpwa wangu anayesoma fizikia kwenye ile taasisi aliyoianzisha Abdus Salam, yule mwanafizikia wa Pakistani, mwaka 1964. Kijana kanishikilia: "Mjomba, huondoki hujauona uwanja wa Unità d'Italia." Haya, nikavaa koti, huyo nikaenda.

Uzuri upo, sitaki dhambi. Pande tatu majumba ya enzi mji ukitawaliwa na Austria, yamenakshiwa hadi utosini. Upande wa nne bahari tupu. Wenyeji wanajigamba kwamba katika viwanja vyote vya Ulaya vinavyotazama bahari, huu ndio mkubwa. Sawa, mkubwa. Sasa katika ukubwa wote huo mja wa Mungu anakaa wapi?

Viti tele, kila kimoja na mkahawa wake. Nikajitupa kwenye kimoja. Kijana akanivuta mkono kama nimekalia kaburi: "Mjomba, inuka! Kahawa inanywewa kwa kusimama kaunta. Ukikaa nje bei inapanda."

Kahawa ileile! Mashine ileile! Kwetu barazani muuza kahawa anakufuata na dele lake, unakaa bure, unagongewa kikombe, na umbea wa mji unapewa nyongeza. Huku makalio yana ushuru. Pale juu ya mnara wa manispaa kuna masanamu mawili, Mikeze na Jakeze, yaliwekwa 1876 kugonga kengele. Nimeyaelewa kwa nini yamesimama.

Nikasema liwalo na liwe, nimetoka mbali, nakaa.

Kikombe kikaja. Jamani, kikombe! Na chenyewe hakikujaa: mafunda mawili unaona kitako. Pembeni kijiglasi cha maji na kibiskuti kimoja, cha kuonja. Nikanywa kwa mpango, nalowesha mdomo tu, mpaka kile kiti kirudishe pesa yangu. Mhudumu anapita, ananitazama. Nami namtazama.

Mara upepo ukaamka. Unaitwa Bora, sikulitunga mimi, na ukikasirika unavuka kilomita 100 kwa saa. Zamani walifunga kamba mitaani watu washikilie. Kibiskuti nilichokiweka akiba kikaondoka na sahani yake ya karatasi, kikaelekea Chemchemi ya Mabara Manne. Nikakifuata. Sikukipata, ila nilimsalimia Afrika wetu pale kwenye mawe, kachongwa karne ya 18 pamoja na Ulaya, Asia na Amerika. Australia hawakuihesabu. Hao wote wana makao, na hakuna aliyeletewa risiti.

Yangu ililetwa. Nililipa nikiwa nimesimama.

Tunatoka, naona watu kibao kule Molo Audace, gati lenye jina la manowari iliyotia nanga hapo 1918. Wamekaa chini, miguu inaning'inia juu ya maji, wanacheka.

"Wale wamelipa ngapi?"

"Bure, Mjomba."

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilitaka kukwambia. Ukasema liwalo na liwe."