Mbao ya dawa si kuni

Julai ya Njombe haina huruma. Ukishaingia jikoni kwa shangazi alfajiri, hutoki mpaka jua lipande. Mwaka juzi nilimkuta ameinama kwenye mafiga, mkononi ana kipande cha mbao chenye ukijani kama maji ya bwawa. Kiroba kizima cha vipande hivyo kiliegemea ukutani: masalia ya kenchi, fundi aliyaacha alipomaliza kupaua nyumba ya jirani.

“Hizi zinashika moto haraka, mwanangu.”

“Shangazi, hizi zina dawa.”

“Si dawa ya mchwa tu?”

Wengi wetu tunajua hivyo hivyo. Lakini ukijani ule ni wa shaba, na shaba haikuingia peke yake. Dawa inayotumika sana kwenye nguzo za umeme na mbao za kupaulia ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu ya kuua. Mbao ikikaa juu ya dari, sumu imetulia. Ukiichoma, sehemu inapanda na moshi na sehemu kubwa inabaki kwenye majivu.

Mwaka 1984 madaktari wa Marekani waliandika habari za familia ya watu wanane, vijijini Wisconsin, walioumwa kwa takriban miaka mitatu bila kujua kisa: kutokwa damu puani, vipele, kuzimia, nywele kunyonyoka. Kila majira ya baridi hali ilizidi. Nyumba yao waliipasha joto kwa jiko la kuni, na walichokuwa wakichoma ni masalia ya mbao za dawa.

Najua wapo wanaowashia moto mifuko ya plastiki na kandambili kuukuu. Hilo nalo ni baya, ila harufu yake angalau inakufukuza. Mbao ya dawa inanukia kuni.

Kinachoniuma zaidi ni majivu, kwa sababu sisi hatuyatupi. Tunahifadhia maharage yasitobolewe, tunamwaga bustanini. Asubuhi ile ile shangazi alichota majivu kwa kiganja, akaanza kusugua sufuria ya uji wa wajukuu, vidole vyeupe hadi kwenye viungo.

Simlaumu hata kidogo. Miti iliyotuzunguka ina wenyewe, kuni zinanunuliwa, na hakuna aliyewahi kumwambia. Anayeuza mbao hizi ndiye wa kumwambia: agonge muhuri wa Kiswahili kwenye kila ubao, USICHOME, na mafundi waondoke na masalia yao badala ya kuyagawa kama zawadi.

Kiroba tulikitoa nje, majivu tukayafukia mbali na kisima. Siku hizi anawasha kwa magunzi. Lakini siku ile, tukinawa mikono, aliniuliza polepole: “Na yale niliyomwaga kwenye mboga?”

Tukaling'oa tuta zima.