Blanketi Likikauka, Picha Inakata

Majirani wameanza kuniuliza kwa nini kwangu blanketi linafuliwa kila siku ya mechi. Nawajibu ni usafi tu. Ukweli sitamwambia mtu yeyote wa Kivule, ila nyie mko mbali.

Chanzo ni mwenye nyumba. Nilipoomba kufunga ungo juu ya paa, akasema bati lake halitobolewi. Ukutani je? Ukuta umepakwa rangi juzi. Juzi yenyewe tulikuwa bado tunazungusha antena ya mwanzi, kabla hawajazima matangazo ya analojia hapa Dar mwisho wa mwaka 2012. Ikabaki kusimika nguzo uani.

Nikaita fundi. Akaja na begi mgongoni, spana mbili, na jibu la kila kitu. Nilimpa hela ya bomba la inchi mbili, akarudi na la inchi moja na robo. "Hili ndilo la kisasa, bosi." Nilimpa hela ya saruji nusu mfuko, akarudi na saruji kwenye kopo la rangi. Shimo likaishia chini ya goti, na goti lenyewe ni lake, mtu mfupi yule. Nikauliza, pima maji iko wapi? Akafumba jicho moja, akailenga nguzo kama anayepiga ndege kwa manati, akasema, "Imenyooka kuliko ya umeme."

Mimi zege nimelibeba ujanani, najua linataka muda likomae. Nikamwambia tusubiri japo wiki. Akasema kesho saa nne anarudi kuseti, kesho kutwa ana kazi Chanika.

Sasa wenye ndoa ndio mtanielewa. Mama Zawadi amelalamikia kamba yake ya nguo mwaka mzima. Ilikuwa imefungwa kwenye mwarobaini, na kunguru wa mji huu mnawajua tabia zao. Jumamosi alfajiri kaamka, kaona chuma kipya kimesimama uani. Hakuuliza. Fundi anafika saa nne, yaani saa saba, anakuta nguo za watu sita zinachuruzika kwenye nguzo yangu: mashuka, jinzi za shemeji, na lile blanketi la bibi alilotoka nalo Njombe, ambalo hapa Dar sijui tunalifunikia nini.

Nikasema zianuliwe kwanza. Fundi akasema hazimsumbui, mradi hazizibi upande wa magharibi. Maana setilaiti yetu iko nyuzi 7 mashariki, juu ya ikweta, kilomita karibu 36,000 angani. Zawadi alitazama kwenye ramani akaniambia chini yake ni jirani na São Tomé, kule baharini ng'ambo ya pili ya Afrika. Ndiyo maana ungo wetu unaipa mgongo bahari yetu na kuelekea Pugu, umeinua uso kama mtu anayetafuta embe lililoiva. Na ungo wa sentimita 90 ukikosea nyuzi mbili tu, umepotea.

Fundi akapanda juu ya ndoo, akaanza kuzungusha. Mimi mlangoni nasoma namba za mawimbi kwenye skrini, natangaza: "Nguvu 80! Ubora sifuri!" Siku zote nilidhani hivyo vitu viwili ni kimoja. Kumbe nguvu inaweza kujaa pomoni na ubora usiwepo kabisa, kama shemeji yangu. "Ubora 40! 65! 72! Hapo hapo, usiguse!" Akakaza nati, akala pilau yetu, akachukua hela yake na ya soda juu, akaondoka.

Saa kumi na moja jioni nguo zikaanuliwa. Picha ikaganda, ikavunjika vigae vigae, ikaisha.

Kumpigia: "Hali ya hewa hiyo, bosi." Hewa gani, na jua linawaka? Baada ya hapo simu yake haipatikani mpaka leo.

Jumatano Mama Zawadi akafua tena. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nainunia ile nguzo. Alipoanika mashuka, ikatikisika. Alipotupia blanketi, ikainama pole pole kama mzee anayerukuu, na ndani watoto wakapiga ukelele: "Imerudi!" Ndipo nilipoelewa. Yule bwana aliseti ungo na nguo zikiwa kambani. Nguzo yangu haioni setilaiti mpaka ielemewe.

Mtasema, si ufungue nati useti upya? Nilifungua. Nikapata ubora 30 na mahubiri ya lugha nisiyoijua. Nikarudisha kwenye alama ya mkaa niliyokuwa nimechora, nikanyamaza.

Jumapili ikawa Simba na Yanga. Blanketi nililiroweka tangu asubuhi. "Baba Zawadi, hilo si limefuliwa Ijumaa?" Nikamwambia lina vumbi. Kipindi cha kwanza tukaenda vizuri, ubora 71. Nimevaa jezi yangu nyekundu, shemeji kwenye kochi langu kavaa ya kwao. Kipindi cha pili upepo wa jioni ukaanza kazi. Ubora 60, 52, 45, vigae hivyo vinakuja. Nikatoka mbio na ndoo, nikamwagia.

"Inapanda, baba! Ongeza!"

Nikaongeza. Nikaongeza na ya pili.

"Umezidisha! Imekata! Kamua kidogo!"

Niko pale nimekumbatia blanketi la bibi, nakamua, maji yanaingia kwenye kandambili, mtaa mzima ukalipuka: goooli! La nani? Ndani kwangu skrini nyeusi, wananitolea macho dirishani. Nikapanda juu ya ndoo, nikachungulia kwa jirani. Wote wanaoruka wamevaa kijani na njano.

Nikashuka, nikaendelea kukamua.