Nimetafuta kiti, nikaletewa chungu

Juzi nilikuwa nasachi kiti cha mtoto cha kufunga kwenye gari, nikaingia saiti moja ya kuuza vitu, nikaandika "kiti cha mtoto cha gari". Matokeo kibao! La kwanza chaja ya gari, la pili chungu cha udongo. Jamani chungu kimefuata nini hapo? Kimefuata "cha". Yaani saiti za hivyo zinachukua kila neno peke yake, likipatikana lolote lile linaletwa, kwao wewe umesema kiti AU cha AU mtoto AU gari, na kwa Kiswahili hako ka "cha" kako kila mahali.

Basi nikahamia saiti nyingine, hii imetengenezwa kwa WordPress, ile programu ya kutengenezea saiti, na WordPress ukiiacha kama ilivyo inataka maneno yote uliyoandika yawepo. Mi napenda hivyo, ndo inavyotakiwa. Nikaandika "viti vya watoto", sifuri. Kumbe mwenye duka kaandika "kiti cha mtoto" na kiti kipo!

Hapa ndo shida yetu sisi. Mwingereza akitafuta kwa wingi, programu nyingi zinajua kukata ile "s" ya mwisho ya neno, sasa wingi wetu unakaa mbele, kiti viti, mtoto watoto, na ukibadilisha hapo na "cha" inageuka "vya", sentensi nzima imebadilika na mashine haina habari.

Ujanja upo lakini. WordPress inatafuta herufi hata zikiwa katikati ya neno, kwa hiyo ukiandika "toto" unapata mtoto na watoto kwa pamoja. Ila angalia unapokata, mi nilijaribu "iti" ikaniletea miti na kibiriti 😂. Na ukitaka maneno yakae pamoja kwa mpangilio ule ule, yafungie kwenye alama za nukuu.

Wenye saiti nao wangetusaidia kidogo, anza na maneno yote, ukikosa ndo upunguze, alafu niambie umeacha lipi. Google mara nyingi anaonyesha chini ya jibu neno lililokosekana, limekatwa kwa mstari, unaelewa mwenyewe. Sio kunimwagia vyungu kimya kimya.

Mi siku hizi naandika "toto gari" kama mgeni aliyeshuka bandarini jana, na kiti nimekipata.