Tafadhali Gusa

Wakuu, kidogo nihame mtaa kwa sababu ya karatasi za A4.

Sisi tuna kajumba ketu ka sanaa huku Kinondoni, frem mbili tulizovunja ukuta wa katikati, si biashara ni NGO, yaani mwisho wa mwezi tukishalipa kodi na luku tunapeana mikono kama tumechukua ubingwa. Sheria ni moja tu, msanii wa mtaani harudishwi. Kuna kijana wa picha za tingatinga, kuna fundi wa vinyago vya mpingo, kuna mama wa sambusa anayesuka vikapu vya ukindu, na kuna dogo anachora daladala tu, kila picha daladala. Wote wanatundikwa.

Sasa Aprili ile tukasema tufanye maonyesho hata wasioona wafaidi. Si kila ukienda kwenye sanaa unakuta USIGUSE? Sisi tukaandika TAFADHALI GUSA. Wazo langu hilo, sikatai. Zilitakiwa karatasi mbili, moja kwenye vikapu, nyingine kwenye kinyago cha ujamaa, kile ambacho ukoo mzima umebebana kutoka chini mpaka juu, ukipitisha vidole unakuta hapa pua, hapa kisigino cha mtu, hapa mtoto kang'ang'ania titi la mama yake.

Kosa langu ni kumwachia dogo wa kujitolea akaprinti. Akaona mbili zitapwaya, akatoa thelathini. Akabandika mpaka kwenye swichi ya taa, mpaka mlango wa choo.

Na tingatinga tangu mzee mwenyewe Edward Saidi Tingatinga aanze pale Msasani mwaka 1968 ni mambo ya hadibodi na rangi ya mafuta, ile ya kupaka baiskeli, inang'aa balaa ila kukauka sasa, na masika ya Dar mnayajua, hata chumvi mezani inalia. Kijana wetu alimaliza chui wake na ndege wa kijani usiku wa kuamkia siku yenyewe, picha kubwa kama mlango, akaniambia bosi mpaka asubuhi itakuwa imekauka. Nikaamini. Nilikuwa nataka kuamini.

Saa nne wakaingia watoto wa shule ya msingi kama arobaini, wazee wanne wasioona na wanaowashika mkono, na mgeni rasmi, mwenyekiti wa mtaa, kapiga kaunda suti nyeupe. Nyeupe jamani, na tope lote lile nje.

Mimi niko mbele nahutubia habari za kushirikisha jamii, kule nyuma naona watoto wamepanga foleni wametulia, moyoni nasema ona watoto wanavyopenda sanaa. Kumbe foleni ya kumpapasa chui. Mtu akishapapasa anakuta kiganja cha kijani, anajifuta ukutani, na ukuta una karatasi TAFADHALI GUSA, utamchapa kwa lipi?

Wa kwanza kushtuka ni mzee mmoja asiyeona. Akasimama, akavuta pumzi puani, akasema kwa sauti, "Mwanangu, humu kuna rangi mbichi." Tukacheka kiheshima. "Mnacheka? Nimepaka majumba ya watu miaka ishirini kabla macho hayajaniacha, hii mbichi, mwambieni mwenyekiti asi..."

Mwenyekiti kashatoa mkono, katoto kamemfuata na shikamoo. Marahaba ikarudi ya kijani. Mzee wa watu akauangalia mkono, akababaika, akajifuta kifuani.

Nikatoka mbio mpaka hadwea kununua tina ya kutolea rangi. Fikiria watu hamsini wananawa beseni moja la tina, ndani kunanuka gereji, halafu nageuka mlangoni namwona mama wa sambusa na jiko la mkaa linawaka na kikarai cha mafuta juu yake. Miguu ikaniisha nguvu. "Mama, zima!" "Nizime vipi na hazijaiva?" Tukalibeba lile jiko watu wawili mpaka ng'ambo ya barabara, na kwenye hotpoti yake dogo alishabandika TAFADHALI GUSA, sambusa kumi na moja hazina mlipaji mpaka leo.

Aliyebaki na mikono safi ni yule mzee peke yake. Fujo zote zile yeye yuko kwenye kinyago anahesabu watu kwa vidole. "Kumi na saba," akamwambia fundi, "ila huyu wa juu hujampa sikio la kushoto." Fundi akapanda stuli kuangalia. Kweli, halipo.

Mwenyekiti hakugomba. Aliaga, akaomba kitabu cha wageni, nikampa huku natetemeka. Alipoondoka ndiyo nikakifungua. Penye sahihi kuna dole gumba la kijani, na penye maoni kaandika neno moja: "Nimeguswa."