Kamanda wa Hema na Maji ya Bamvua

Katika ukoo wa mke wangu mimi huitwa Kamanda, na jina hilo sikulipata jeshini. Mchana huandika daftari za hesabu katika bohari moja ya Shimanzi, na usiku, watu wakishalala, hutazama video za wanaume wa Kanada na Siberia wanaoishi porini kwa kisu kimoja na kipande cha kamba. Baada ya miaka mitatu ya masomo hayo ninajua namna ya kuchimba pango katika theluji, namna ya kumkwepa dubu, na namna ya kupima kama barafu ya ziwa itahimili uzito wa mtu mzima, elimu ambayo, nakiri, hapa Kisauni bado haijapata wa kuihitaji.

Desemba, shule zilipofungwa na joto la kaskazi likawa limepita digrii 30, nilitangaza safari ya kulala hemani siku mbili katika pwani ya Tiwi, kusini ya Mombasa, pamoja na mke wangu, mwanangu wa miaka 11, na shemeji yangu, ambaye ni kaka mdogo wa mke wangu na hajawahi kukosa safari yenye dalili ya chakula. Nikasoma masharti. Hatungebeba chakula chochote isipokuwa chumvi, kila mtu angekuwa na lita moja tu ya maji, na kiberiti kilikuwa marufuku. Nikawaeleza kanuni ya tatu-tatu, kwamba mwanadamu hufa baada ya dakika tatu bila hewa, siku tatu bila maji, na wiki tatu bila chakula. Shemeji aliinua mkono akauliza ni saa ngapi bila chai.

Mke wangu alikuwa akikunja nguo, wala hakuinua macho. "Bwana, ukitaka kujifunza kuishi bila maji huna haja ya kulipa nauli," alisema. "Nenda ukafungue mfereji wa jikoni usikilize unavyokohoa."

Nilimjibu kwamba maji yangepatikana kwa kuchimba shimo, kulifunika kwa karatasi ya nailoni, na kuacha jua livukize unyevu wa ardhi hadi udondoke katika kikombe. Alikaa kimya, kwa sababu sote wawili tulikumbuka jaribio nililolifanya uani mwezi uliotangulia, ambapo shimo lilitoa nusu kikombe kwa kutwa nzima, na jioni mama mkwe, Mungu amzidishie subira, akatumbukiza mguu humo hadi gotini akiwa amebeba sinia la mchele.

Tuliondoka siku ya Ijumaa baada ya sala, tukavuka feri, tukapanda matatu Likoni, na tukashuka kituo cha Tiwi jua likielekea kuzama. Kutoka barabara kuu hadi baharini ni mwendo wa kilomita tatu hivi, na vijana wa bodaboda walitupokea kwa ukarimu, lakini niliwaambia kwamba sisi tungetembea kwa dira. Mmoja wao alitazama begi langu lenye kamba, filimbi, chujio la maji na jiwe la cheche, akaniuliza kwa heshima kama ninauza.

Hapa ni lazima nieleze jambo la kiufundi. Sindano ya dira haipendi kutikisika, na mimi, ili niisome vizuri, niliiweka juu ya ubapa wa panga nililolishika mbele yangu kama sinia. Panga ni chuma, na sindano ya dira huvutwa na chuma, kwa hiyo kwa muda wa saa mbili na nusu familia yangu haikuwa ikiifuata kaskazini wala mashariki bali ililifuata panga langu, ambalo kila nilipogeuka liligeuka pamoja nami na kunithibitishia kwamba sikukosea. Tuliupita mwembe mmoja mara tatu. Mara ya tatu, mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi chini yake alitupungia mkono kama jamaa wa zamani.

"Baba," mwanangu alisema hatimaye, "mwezi si umetokea upande ule? Na bahari si iko unakotokea mwezi?"

Mwezi ulikuwa mpevu, mkubwa na mng'avu kama sinia la shaba, na ulikuwa umechomoza mashariki pale pale ilipo Bahari ya Hindi tangu ilipoumbwa. Nilimwambia kwamba porini mtu hategemei kubahatisha. Mke wangu alimshika mtoto mkono, wakaufuata mwezi, na baada ya dakika ishirini tulikuwa tumekanyaga mchanga.

Ilikuwa saa tatu na nusu usiku, na pwani niliyoiona ilinifanya nisahau fedheha yote. Mchanga ulikuwa mpana na tambarare, umeng'aa kwa mbalamwezi, na maji yalikuwa mbali kiasi kwamba sauti yake ilikuwa mnong'ono kutoka kwenye mwamba. Juu kabisa, karibu na mivinje, kulikuwa na mstari mrefu wa mwani mkavu, vifuu na vipande vya mbao. Nilichagua mahali pa chini, palipokuwa laini na safi, kisha nikapanda hadi kwenye ule mstari, nikabeba mwani mikono mitatu, nikaushusha uwe godoro letu. Nimesoma mengi maishani mwangu, lakini mwandiko huo wa bahari, ulioandikwa mbele yangu kutoka mwanzo wa pwani hadi mwisho wake, niliubeba kwapani nikaulalia.

Katika kulifunga hema, hata hivyo, sikubali kudharauliwa. Vigingi havishiki mchangani, kwa hiyo nilijaza mchanga katika mifuko minane, nikaifunga kwenye kamba za hema, nikaizika kila mmoja kwa kina cha mkono mzima na kuishindilia kwa miguu. Nilimwambia shemeji kwamba hema lile hata tufani lisingeling'oa, naye akanijibu, huku akitafuna kitu gizani, kwamba hana shaka.

Moto ulinishinda. Nilisugua kijiti kwa upinde kwa muda wa saa moja, nikapata malengelenge manne na harufu ya moshi iliyotoka, nadhani, mkononi mwangu, kwa sababu hewa ya pwani ina unyevu ambao wale mabwana wa Kanada hawakuutaja. Nilipokwenda kutafuta kijiti kingine, nilirudi nikakuta makumbi ya nazi yanawaka vizuri, majani ya mwarobaini yamewekwa juu yake kufukuza mbu, birika liko motoni, na shemeji amefungua begi lake la "nguo", ambalo ndani yake mlikuwa na mahamri ishirini, bakuli la mbaazi za nazi lililofungwa kwa kitambaa, na kiberiti. Niliuliza ni nani aliyevunja masharti. Mke wangu alinimiminia chai ya tangawizi, na mimi, kwa ajili ya amani ya nyumba, nikala mahamri sita.

Kwa kuwa nilikuwa na deni la uongozi, nilisisitiza kwamba mtoto afunikwe blanketi la dharura, lile la karatasi ya fedha linalohifadhi joto la mwili. Usiku wa Desemba kwetu haupoi kiasi cha kumtetemesha hata mgonjwa, na mwanangu alilala dakika kumi tu kisha akatoka humo akiwa amelowa na kuvuta hewa, kama chapati iliyosahauliwa ndani ya hotpoti.

Tulilala. Niliamka kwa sababu mgongo wangu ulikuwa wa baridi na godoro la mwani lilikuwa likipumua. Nilidhani mtoto amejikojolea, nikanyosha mkono kumgusa, na mkono ukaingia majini hadi kwenye kiwiko. Sikusikia mawimbi yoyote, maana mwamba huyavunja mbali huko nje, na maji yaliyobaki huja yakinyanyuka taratibu kama mgeni asiyepiga hodi. Aliyepiga hodi alikuwa mtu.

"Hodi hapo!" sauti ilisema, karibu sana na ukuta wa hema. "Wenyewe mmelala, au mnavua?"

Niliitafuta zipu, nayo ilikuwa imejaa mchanga na haikwenda mbele wala nyuma. Nilijaribu kuling'oa hema zima, lakini lilikuwa limefungwa na mimi. Shemeji aliikata zipu kwa kisu changu cha porini, ambacho hiyo ndiyo kazi pekee kimewahi kufanya, na tulipotoa vichwa tulimkuta mzee mmoja amesimama katika ngalawa, ameshika upondo, anatutazama kama mtu anayehesabu mbuzi.

"Shikamoo, mzee," nilisema, maji yakiwa mapajani.

"Marahaba, mwanangu. Leo mwezi kumi na tano, maji ya bamvua, yanayojaa sana na kupwa sana. Yamekupwa saa nne, saa kumi hii yanajaa, na bado hayajamaliza. Hamkuona mwani ulipolala?"

Mke wangu alisema kwamba tuliuona, na kwamba bwana wake aliuhamisha.

Mzee aliwachukua mke wangu na mtoto katika ngalawa, mimi na shemeji tukatembea nyuma yake tumebeba birika juu ya vichwa, na tukakaa chini ya mivinje hadi kulipokucha, hatua tano tu juu ya ule mstari wa mwani niliouvuruga. Hakuna aliyenisema. Shemeji alikuwa akicheka kwa mabega tu.

Maji yalipokupwa asubuhi hema lilikuwa limesimama wima pale pale, kamba zote nane zimekaza, na ndani yake, wamenaswa na wavu wa mbu, mlikuwa na tasi wawili wa kadiri ya kiganja na kaa mmoja mwenye hasira. Niliwakumbusha wote kwamba nilikuwa nimeahidi chakula kitokacho baharini. Shemeji aliwakaanga kwa ile chumvi niliyoiruhusu.

Mzee aliporudi, alilizunguka hema mara mbili, akaivuta kamba moja kwa mikono miwili, isitikisike. Kisha akachuchumaa na kuniuliza, bila dhihaka yoyote, nimeizika vipi mifuko ile, kwa sababu nyavu zake huburutwa kila bamvua. Nilichuchumaa mbele yake, nikamchorea mchangani, nikamweleza kina, uzito, pembe ya kamba na namna ya kushindilia, na nilikuwa nimeanza kumfafanulia jinsi mambo hayo yanavyofanywa katika theluji mke wangu aliponiita nikakamue mablanketi.